SOMO LA MWEZI: JE, PESA YA BURE HULETA UVIVU?

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 16:13-30, Rut 2, 2 Wathesalonike 3:6-13

 

Mnajua kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, kanisa litaamua juu ya Mfuko wa Rehema. Wengine wanasema tuendelee kuzipa familia chache shilingi 50,000 kila mwezi bila kuwauliza wanazitumiaje. Wengine wanasema tusitishe, kwa sababu mtu akizoea kupewa husahau kazi. Pande zote mbili zina watu wanaomcha Mungu. Kwa hiyo nimeona vema tujifunze jambo hili kabla ya kupiga kura, tusije tukaamua kwa hasira au kwa huruma tu bila maarifa.

1. KOSA LANGU MWENYEWE

Naanza na toba. Mwaka juzi tulimsaidia mama mmoja mjane kwa miezi sita. Kabla ya hapo alikuwa akifua nguo za watu upande wa Bukoto, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa pili wa msaada akaacha kwenda kufua. Mzee mmoja akanijia akasema, "Mchungaji, unaona? Tumemharibu." Jumapili iliyofuata nilihubiri kutoka 2 Wathesalonike 3, mahali Paulo anaposema habari za watu wasiotaka kufanya kazi. Sikumtaja kwa jina, lakini macho yangu yalikuwa upande wa kina mama, na kila mtu alielewa.

Jumapili mbili yule mama hakuonekana. Nikaenda kwake asubuhi na mapema, saa kumi na mbili. Nilimkuta anatwanga sombe. Mabeseni mawili yalikuwa yamejaa, na wateja, wakongomani wenzetu, walikuwa wameanza kubisha hodi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, mimi sikuacha kazi. Niliacha kazi ya watu."

Alinieleza hesabu yake. Zamani, akienda kufua akakuta mwenye nyumba ametoka, alirudi mikono mitupu na watoto walilala njaa. Kila shilingi iliingia tumboni siku ile ile, hakuna iliyobaki ya kununua kinu wala majani. Lakini alipojua kwamba tarehe 5 ya kila mwezi 50,000 zitafika bila shaka, alithubutu kununua kinu. Nikamwomba msamaha. Leo naomba msamaha tena mbele yenu wote.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, yule mama alikuwa mtu wa pekee, au ndivyo watu walivyo?

2. NINI MAANA YA "KIPATO CHA MSINGI KWA WOTE"?

Swali letu dogo la Mfuko wa Rehema ni swali ambalo dunia nzima inajiuliza. Wataalamu huliita kipato cha msingi kwa wote. Maana yake ni kwamba kila mtu mzima wa mahali fulani hupewa kiasi kidogo cha pesa kwa kila kipindi, awe tajiri au maskini, awe anafanya kazi au hafanyi, wala haulizwi atazifanyia nini.

Hoja ya wanaoogopa ni rahisi: mtu hufanya kazi kwa sababu ya njaa, ukiondoa njaa umeondoa kazi. Hoja ya wanaotetea ni hii: maskini hakosi hamu ya kazi, anakosa mahali pa kuanzia. Hoja zote mbili zinasikika vizuri mdomoni. Tuangalie mahali palipojaribiwa.

3. MAJIRANI ZETU WA SIAYA NA BOMET

Jaribio kubwa zaidi limefanyika hapa jirani, nchini Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet. Shirika la GiveDirectly lilianza na kijiji kimoja mwaka 2016, na vijiji vingine vikafuata mwaka 2017 na 2018. Kati ya watafiti walioangalia matokeo yumo Abhijit Banerjee, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Vijiji viligawanywa hivi:

a) Vijiji 44: kila mtu mzima aliahidiwa kama shilingi 2,250 za Kenya kila mwezi, kwa simu, kwa muda wa miaka 12.
b) Vijiji 80: kiasi hicho hicho kila mwezi, lakini kwa miaka 2 tu.
c) Vijiji 71: pesa zenye thamani karibu sawa na zile za miaka 2, lakini kwa mkupuo.
d) Vijiji 100: hawakupewa kitu, ili wapate kulinganishwa na wengine.

Watu waliopokea ni kama 23,000. Kiasi chenyewe kilikuwa dola 0.75 kwa siku. Si utajiri. Ni kiasi cha kumfanya mtu asilale njaa kabisa.

Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya kama miaka miwili ya kwanza. Sikilizeni vizuri. Hawakuona kwamba watu walipunguza kazi kwa ujumla. Wala hawakuona kwamba ulevi uliongezeka. Walichoona ni kwamba watu walibadilisha aina ya kazi. Saa za kulima vibarua katika mashamba ya wengine zilipungua, na saa za kujishughulisha na biashara zao wenyewe zikaongezeka. Ndugu zangu, ni neno lile lile la mama wa sombe! Hawakuacha kazi, waliacha kazi ya watu.

Kuna fundisho la pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wenye mfuko mdogo. Makundi matatu yale hayakufanana. Waliopewa kwa mkupuo walianzisha biashara nyingi. Walioahidiwa miaka 12 nao walianzisha biashara nyingi. Lakini walioahidiwa miaka 2 kwa vipande vidogo vidogo hawakufika mbali kama wenzao, ingawa kufikia wakati ule walikuwa wamepokea kiasi kile kile kwa mwezi. Kwa nini? Wa miaka 12 waliingia katika vyama vya kuzungushiana pesa, ndivyo tunavyoita sisi likelemba. Kila mwezi mmoja wao alipata fungu kubwa, akanunua mashine au bidhaa za duka. Waliweza kuahidiana hivyo kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake atapokea mwezi ujao na mwaka ujao. Anayejua kwamba mwisho u karibu huelekea kuweka akiba badala ya kuanzisha jambo. Basi, kiasi ni muhimu, lakini uhakika nao una nguvu yake.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga masoko, faida ya biashara zile mpya ilipungua sana. Hata hivyo, waliokuwa wakipokea waliripoti njaa na magonjwa kidogo kuliko vijiji visivyopokea. Walithubutu, upepo ukaja, lakini hawakuzama.

Neno dogo hapa kwa sisi viongozi wa dini. Mwaka 2016 shirika hilo hilo lilipotaka kutoa pesa katika kaunti ya Homa Bay, si mbali na Siaya, karibu nusu ya familia zilikataa. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba pesa hizo ni za ibada ya shetani. Watu maskini walikosa msaada kwa sababu ya maneno. Tuchunge ndimi zetu.

4. KASKAZINI YA UGANDA NA NAMIBIA

Katika nchi hii iliyotupokea, mwaka 2008 serikali ilitoa pesa kwa vikundi vya vijana wa kaskazini, mahali palipokuwa pameumizwa na vita. Kwa wastani kila kijana alipata kama dola 382, na hakuna aliyekuwa akimfuata nyuma baada ya kupokea. Hiki hakikuwa kipato cha msingi kwa wote, maana vikundi viliandika maombi kwanza. Lakini swali ni lile lile: je, walikaa? Baada ya miaka minne, vijana waliopewa walifanya kazi saa nyingi zaidi kwa asilimia 17, na mapato yao yalizidi ya wenzao kwa asilimia 38. Wengi walikuwa na ufundi: ushonaji, useremala, uchomeleaji. Ni kweli pia kwamba baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa mapato. Pesa iliwatanguliza, haikuwatenga milele na umaskini.

Nchini Namibia makanisa yenyewe yalishiriki. Askofu Zephania Kameeta wa Kilutheri alikuwa mmoja wa viongozi wa muungano uliotoa dola 100 za Namibia kila mwezi kwa wakazi wote wa Otjivero-Omitara waliokuwa chini ya miaka 60, kuanzia Januari 2008 hadi Desemba 2009. Ripoti yao ilisema kwamba watu wazima waliokuwa na shughuli ya kuwaingizia kipato waliongezeka kutoka asilimia 44 hadi 55. Wengine waliilaumu ripoti hiyo kwa sababu hapakuwa na kijiji kingine cha kulinganisha, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba watu wa Otjivero waligeuka wavivu.

5. TUSEME KWELI YOTE

Mkristo hachagui ushahidi unaompendeza tu. Nchini Marekani, katika majimbo ya Texas na Illinois, watu 1,000 wa kipato cha chini walipewa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu kuanzia mwaka 2020. Matokeo yalitolewa mwaka 2024: kwa wastani walifanya kazi pungufu kama saa 1.3 kwa wiki kuliko wenzao. Kwa hiyo anayesema pesa inaweza kupunguza kazi hasemi uongo. Inaweza, na huko ilipunguza kidogo.

Kwa nini huko ilipunguza na Siaya haikupunguza? Mimi naelewa hivi. Mtu mwenye ajira ya mshahara akipata nyongeza, anaweza kupumzika saa moja, kukaa na mtoto, au kutafuta kazi nzuri zaidi bila haraka. Lakini mtu wa kibarua cha leja leja, ambaye kizuizi chake ni kukosa mtaji, akipata pesa anapata kifaa cha kufanyia kazi. Watu wa Kamwokya wanafanana na nani? Jibu mnalijua.

Tena tukumbuke: miaka 12 ya Kenya haijaisha. Hayo ni matokeo ya mwanzo, si neno la mwisho.

6. NENO LINASEMAJE?

Kwanza, 2 Wathesalonike 3. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitusisitizia tusome maneno yote ya mstari. Paulo anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Hamkemei asiyeipata, wala mgonjwa, wala anayelea watoto watano peke yake. Na mistari michache tu baadaye, katika mstari wa 13, anawaambia ndugu wale wale wasichoke kutenda mema. Mimi mwaka ule nilisimama kwenye mstari wa 10, sikufika wa 13.

Pili, Kutoka 16. Mana ilitolewa kwa kila mtu, bila kumpima nani anastahili. Hata hivyo walitoka asubuhi kuokota. Zawadi haikuondoa kuamka mapema. Na wale waliolimbikiza kwa kuogopa kwamba kesho haitakuja, waliona mabuu. Mungu alikuwa akiwafundisha kuishi na kesho yenye uhakika.

Tatu, Rut. Naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mjane, mwenye mama mkwe wa kulisha. Sheria iliwaamuru wenye mashamba waache masazo kwa maskini na wageni. Boazi hakumhoji Rut kwanza. Aliwaagiza vijana wake wasimfukuze wala kumwaibisha. Rut aliokota mpaka jioni. Rehema iliyokuwa na uhakika na heshima haikumlegeza mikono.

7. NINI KINACHOUA MOYO WA KAZI?

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kuwakemea wageni. Lakini hebu tuisikilize tena. Haisemi "mfukuze", wala "akatafute jembe". Inasema mpe! Mwenyeji ndiye anayetoa jembe. Mgeni hawezi kulima kwa kucha. Hapa mjini jembe la mama mmoja ni kinu, la kijana ni cherehani, la mwingine ni mtaji wa vitenge vitano.

Uganda ilitupa sehemu ya jembe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Lakini sisi wa Kampala hatupokei mgao wa chakula kama walio kambini. Na wa kambini wenyewe wameona mgao ukipungua: Aprili 2020 WFP, ambayo wengi wetu huiita PAM, iliushusha hadi asilimia 70, Februari 2021 hadi asilimia 60, mwaka 2023 watu wakagawanywa kwa makundi ya uhitaji, na Mei 2025 kama watu milioni 1 waliondolewa kwenye msaada kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua.

Ninapoongea na jamaa zetu wa kambini, sioni uvivu uliotokana na kupewa. Naona uchovu wa kutojua. Mtu hapandi muhogo kwa moyo kama hajui atakula nini mpaka utakapokomaa. Hafungui kibanda kama anaogopa kwamba akionekana na kibanda jina lake litafutwa kwenye orodha. Anakaa karibu na simu, anasubiri kuitwa. Tukiona mtu wa namna hiyo amekaa, tunamwita mvivu. Kumbe amefungwa na msaada usio na uhakika, na hofu ya kuadhibiwa akijitahidi.

8. USHAURI WANGU KWA KANISA

Mimi nina kura moja tu kama ninyi. Lakini naleta mapendekezo haya mbele yenu:

a) Tuendelee kutoa, ila tutoe kwa uhakika. Heri familia tatu zenye hakika ya tarehe 5 kuliko familia kumi zinazopewa tukipata.
b) Kila familia ielezwe tangu siku ya kwanza: mtapokea miezi mingapi, na mwisho ni lini. Mana ilikoma, kama tunavyosoma katika Yoshua 5:12, lakini ilikoma watu wakiwa wamefika penye mazao.
c) Familia ichague yenyewe: kidogo kidogo kila mwezi, au fungu la miezi sita kwa mara moja ili kununua jembe lake. Waliochagua kila mwezi wasaidiwe kuunda likelemba yao.
d) Mtu asikatwe kwa sababu ameonekana ameanza biashara. Tusiifanye bidii kuwa kosa.
e) Wazee, wagonjwa na walemavu wasipimwe kwa kazi hata kidogo. Hao tunawalisha kwa sababu ni ndugu zetu. Basi.

Najua mfuko ni mdogo, na wanaochangia nao ni wachuuzi na wafuaji kama wanaopewa. Ndiyo maana nasema tuupange vizuri. Wala sisemi kwamba hakuna mvivu kati yetu. Akiwapo, tumwendee nyumbani kwake, ana kwa ana, tukasikilize kabla ya kuhubiri. Mimi nilihubiri kabla ya kusikiliza, na aibu yake bado ninayo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ulipofika Uganda, ni nani aliyekupa jembe la kwanza? Lilikuwa nini?
2. Kama ungehakikishiwa 50,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja, ungeacha kazi gani, na ungeanza kazi gani?
3. Soma 2 Wathesalonike 3:6-13 yote. Kuna tofauti gani kati ya asiyetaka na asiyeweza? Tunawezaje kuitambua bila kumwaibisha mtu?
4. Ipi ni bora kwa familia yako: kidogo kila mwezi au fungu moja? Eleza sababu.

Leteni majibu ya vikundi kwa mashemasi kabla ya Jumapili ya mwisho. Yule mama wa sombe amekubali kusema maneno machache siku hiyo. Safari hii mimi nitakaa chini nimsikilize.

Neema ya Bwana iwe nanyi.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji
Kamwokya, Kampala